Mwambao wa Mwamba Mweusi: Kutoka Craster hadi Lindisfarne

Jumapili

Kituo cha Alnmouth, katika kaunti ya Northumberland, kiko kwenye reli kuu inayotoka London kwenda Edinburgh, na treni niliyoipanda King's Cross ilinifikisha hapo baada ya muda wa saa tatu na nusu hivi. Mpwa wangu anayesoma Newcastle alikuwa akinisubiri nje na gari la kukodi, mkononi ameshika koti zito. “Shikamoo, mjomba. Vaa hili kwanza, habari za nyumbani utanipa ndani ya gari,” alisema. Ulikuwa mwezi wa Juni, ambao Waingereza wanauhesabu katika majira ya joto, lakini upepo uliokuwa ukivuma kutoka Bahari ya Kaskazini ulikuwa na hesabu yake nyingine.

Craster ni kijiji cha wavuvi kisichofikia hata mtaa mmoja wa mji wetu wa Kilwa Masoko. Nyumba zake za mawe zimeizunguka bandari ndogo yenye kuta mbili zinazokaribiana kama mikono, na kati yake mashua hupita kuingia na kutoka. Tulikuta maji yamekupwa, mashua zimelala ubavu juu ya mwani, na kwenye gati imepangwa mitego ya kaa na kambakoche ambayo mvuvi wa kwetu angeitambua mara moja kuwa ni madema, ingawa imesukwa kwa kamba za nailoni. Jiwe la kumbukumbu ukutani linaeleza kwamba bandari hii ilijengwa na ndugu wa Kapteni John Craster, afisa wa jeshi la Uingereza nchini India, aliyeuawa Tibet mwaka 1904. Ilikamilika mwaka 1906. Nilisimama mbele ya jiwe hilo kwa muda, kwa kuwa si kila siku mtu huona jinsi kifo katika vita vya kikoloni kwenye milima ya Asia kinavyozaa gati la wavuvi upande wa pili wa dunia.

Kwenye ncha ya gati limebaki jengo la saruji lenye uwazi chini yake, ambalo mgeni hawezi kulielewa mpaka aelezwe. Nyuma ya kijiji palikuwa na machimbo ya mawe meusi, na mawe yaliyopondwa yalikuwa yakisafirishwa juu kwa juu kwenye kamba za chuma hadi kwenye matangi yaliyokuwa hapo, kisha yakamiminwa ndani ya meli na kupelekwa London kutengenezea kingo za barabara. Kazi ilikoma mwaka 1939, na shimo la machimbo sasa ndilo maegesho ya magari ya wageni. Tulikuwa tumeegesha humo bila kujua.

Mwamba huo mweusi unaitwa Whin Sill. Miaka kama milioni 295 iliyopita mawe yaliyoyeyuka kwa moto yalijipenyeza kati ya matabaka ya chokaa na mchanga, yakapoa taratibu na kuwa bamba gumu linalopita chini ya sehemu kubwa ya kaskazini mwa Uingereza. Mahali bamba hilo linapojitokeza juu ya ardhi, watu walijenga ngome, na linapojitokeza baharini, meli zilivunjika. Karibu kila kitu tulichokwenda kukitazama wiki hiyo kilikuwa kimesimama juu yake.

Jua lilizama saa nne kasorobo usiku, nami nikasali Magharibi katika saa ambayo nyumbani watoto wameshalala usingizi wa pili.

Jumatatu

Harufu ya moshi wa mwaloni ndiyo iliyoniamsha. Katikati ya kijiji kuna jengo la kubanikia samaki lililojengwa mwaka 1856, linalomilikiwa na ukoo wa Robson, na kutoka kwenye matundu ya mbao ya paa lake moshi ulikuwa ukipanda. Samaki anayebanikwa ni heringi, wa ukoo mmoja na dagaa lakini mkubwa kiasi cha kujaza sahani. Hupasuliwa kupitia mgongoni, hutolewa utumbo, huoshwa, hulowekwa katika maji ya chumvi, kisha hutundikwa kwenye kulabu zilizopangwa safu juu ya safu ndani ya chumba kirefu ambacho kuta zake zimekuwa nyeusi kwa lami ya moshi wa miaka mingi. Chini huwashwa marundo ya unga wa mbao yanayofuka bila kutoa ndimi za moto, na samaki hukaa humo hadi saa 16. Huyo ndiye kipper. Kwa umbo ni ng'onda hasa, lakini ng'onda wetu hukaushwa na jua mpaka akawa mgumu, ilhali huyu hutoka laini, mwenye rangi ya shaba, na mafuta yake yote bado yamo ndani. Tulimla kwa mkate na siagi. Mpwa wangu aliwatoa miiba mmoja mmoja kwa uangalifu wa daktari. Mimi niliila midogo yote kama nilivyolelewa.

Kazi ya kupasua ilikuwa ya wanawake kabla mashine haijaja. Wengi walitoka Uskoti, wakazifuata meli za uvuvi kando ya pwani ya mashariki kadiri heringi walivyoteremka kusini mwaka ulivyosonga, vidole vyao vimefungwa vitambaa ili kisu kisiwakate na chumvi isiwaingie vidondani. Heringi walivuliwa kupita kiasi hata ikabidi uvuvi wao katika Bahari ya Kaskazini upigwe marufuku mwaka 1977, na ingawa marufuku hiyo iliondolewa baadaye, heringi wanaobanikwa Craster leo huletwa kutoka kwingine. Moshi ni wa hapo hapo, samaki ni mgeni.

Baada ya kula tulitembea kuelekea kaskazini. Kutoka bandarini hadi ngome ya Dunstanburgh ni kama kilomita mbili za majani mafupi yaliyotafunwa na kondoo, bahari ikiwa kulia, na hakuna barabara ya gari. Mtu yeyote anayetaka kuiona ngome hiyo, awe mzee au mtoto, hana budi kutumia miguu yake. Naona huo ni uamuzi wa busara, maana ngome inaanza kuonekana tangu mtu anapotoka kijijini, na kila baada ya hatua mia inabadilika sura, mpaka minara miwili mikubwa ya lango inapokuja kukusimamia mbele huku imebomoka juu.

Aliyeijenga ni Thomas, mtawala wa Lancaster, binamu wa Mfalme Edward wa Pili na mtu tajiri kupita wakuu wote wa Uingereza wa wakati wake. Alianza ujenzi mwaka 1313, mwaka mmoja baada ya kuhusika katika mauaji ya Piers Gaveston, kipenzi wa mfalme, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kutaka maficho mbali na London. Alichagua mahali ambapo Whin Sill inaishia kwa genge upande wa bahari, akachimba mabwawa upande wa bara, na akainua lango ambalo ni kubwa kuliko mahitaji ya ulinzi. Kwa maoni yangu lango hilo lilikuwa barua kwa mfalme. Halikumfaa kitu, kwani mwaka 1322 alishindwa vitani Boroughbridge alipokuwa akikimbilia kaskazini, na siku chache baadaye akakatwa kichwa Pontefract, karibu na ngome yake nyingine.

Mtu aliyezaliwa Kilwa hawezi kuusoma mwaka 1313 bila kukumbuka Husuni Kubwa. Katika miongo hiyo hiyo Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa akijenga kasri lake juu ya genge la Kilwa Kisiwani, naye pia alikuwa na fedha nyingi, kwa upande wake za dhahabu ya Sofala, na kazi yake pia iliachwa kabla haijakamilika. Tofauti ni kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani na kumsifia ukarimu, ilhali Thomas hakupata msafiri wa kumwandikia neno jema. Mpwa wangu, ambaye hajawahi kuvuka kwenda Kisiwani ingawa mama yake amezaliwa ng'ambo ya maji hayo, alisikiliza maelezo yangu yote kisha akauliza kama Husuni Kubwa ina mgahawa. Nilimjibu kwamba na hii pia haina.

John wa Gaunt, mwana wa Mfalme Edward wa Tatu, aliirekebisha ngome katika miaka ya 1380 kwa kuziba lango kuu na kuligeuza makazi, akafungua mlango mwingine pembeni. Katika vita vya kugombea kiti cha ufalme kati ya koo za Lancaster na York ilibadili mikono mara kadhaa hadi ilipotekwa kwa mara ya mwisho mwaka 1464, na baada ya hapo ikachakaa. Wenyeji walibeba mawe yake kujengea nyumba zao. Upande wa bahari, kwenye genge, shakwe wadogo aina ya kittiwake wamejaza viota katika kila mpasuko wa mwamba, na kelele zao ni kali kiasi kwamba tulilazimika kusemezana kwa ishara.

Jumanne

Ukungu wa baharini uliingia usiku na asubuhi hatukuweza kuona hata ncha ya gati. Hutokea mara kwa mara katika majira haya, hewa ya joto inapopita juu ya bahari iliyo baridi, na unaweza kuikuta pwani imezimwa kabisa huku kilomita chache bara kuna jua. Tuliamua kwenda kusini kwa miguu, tukiufuata ukingo wa genge hadi Howick.

Katika njia hiyo kuna mahali ambapo mwaka 2000 na 2002 wanaakiolojia walichimba na kukuta alama za nyumba ya duara: mashimo ya nguzo, majiko, na maganda mengi ya karanga za msituni yaliyoungua, ambayo ndiyo yaliyopimwa kupata umri wake. Nyumba hiyo ni ya karibu miaka 7800 kabla ya Kristo, miongoni mwa nyumba kongwe zaidi zilizowahi kupatikana Uingereza. Wakati huo bahari ilikuwa mbali zaidi na ukingo ulipo leo. Sehemu ya nyumba ilikuwa imekwisha kumegwa na genge kabla wachimbaji hawajafika.

Jumba la Howick liko ndani kidogo, katikati ya bustani kubwa yenye miti kutoka pande nyingi za dunia. Lilikuwa makazi ya Charles Grey, mtawala wa pili wa cheo cha Earl katika ukoo wake na waziri mkuu wa Uingereza kuanzia mwaka 1830 hadi 1834. Watu wengi wanamjua kwa chai ya Earl Grey, ile inayotiwa mafuta ya bagamoti, tunda la jamii ya ndimu, na familia inasimulia kwamba ilichanganywa hivyo ili kuficha ladha ya chokaa katika maji ya kisima cha Howick. Sijui Mswahili aliyezoea iliki na tangawizi angeiweka daraja gani. Mimi niliinywa kikombe kimoja na sikudai cha pili.

Jambo lililonivuta Howick lilikuwa jingine. Ni serikali ya Grey iliyopitisha sheria ya mageuzi ya uchaguzi mwaka 1832, na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834. Sheria hiyo iliwatengea wamiliki wa watumwa fidia ya paundi milioni 20. Watumwa wenyewe hawakupewa chochote, na wengi wao walibakishwa kazini kwa jina la uanagenzi hadi mwaka 1838. Wala haikugusa mwambao wetu. Soko la watumwa la Zanzibar liliendelea hadi 1873, na hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa huko mwaka 1897, zaidi ya miaka 60 baada ya Grey kurudi Howick kupumzika na kupanda miti. Bustani ni nzuri, na nilipenda hasa njia ndefu inayoshuka hadi baharini chini ya miti mikubwa, lakini nilitembea humo nikifikiria paundi milioni 20 zaidi ya maua.

Jumatano

Seahouses ni mji mdogo wenye kelele, maduka ya peremende na samaki wa kukaanga, na jambo lake kubwa ni gati linakotoka boti za kwenda visiwa vya Farne. Visiwa hivyo ndipo Whin Sill inapotokeza kichwa mara ya mwisho kabla ya kuzama baharini. Vinahesabiwa tofauti kutegemea kama maji yamejaa au yamekupwa.

Juni ndio mwezi wa ndege. Tuliwaona puffin kwa maelfu, wafupi, weusi mgongoni na weupe kifuani, mdomo wa rangi ya machungwa umejaa visamaki vilivyopangwa sawasawa. Wanataga ndani ya mashimo ardhini na ifikapo mwishoni mwa Julai huwa wameshaondoka kurudi bahari kuu. Homa ya mafua ya ndege ya mwaka 2022 iliua maelfu ya ndege hapa na visiwa vikafungwa kwa wageni, kwa hiyo kuteremka tena kwenye Inner Farne ni neema ambayo watu hawaichukulii kuwa haki yao. Buabua wa Aktiki, ambao husafiri kila mwaka hadi karibu na Ncha ya Kusini na kurudi, walikuwa na makinda kando ya njia na walitudonoa utosini kwa hasira. Mpwa wangu alikuwa amevaa kofia ya mpira wa miguu. Mimi nilikuwa na kofia ya kiua, na nathibitisha kwamba kofia ya kiua haizuii mdomo wa buabua.

Kwenye Inner Farne ndipo alipoishi Mtakatifu Cuthbert, mtawa wa karne ya saba aliyeikimbia heshima ya watu, akajenga kijumba chenye ukuta mrefu ili asione chochote isipokuwa mbingu. Mwaka 685 alilazimishwa kuwa askofu, akautumikia wadhifa huo kwa muda mfupi, akarudi kisiwani kufa. Alifariki mwezi Machi mwaka 687, na mtawa mmoja akawasha mienge miwili ili wenzake wa Lindisfarne, waliokuwa wakikesha ng'ambo, wapate habari. Nilipoangalia umbali uliopo kati ya visiwa hivyo viwili niliona kwamba njia hiyo ya kupelekeana habari inawezekana kabisa usiku usio na ukungu.

Boti ilituzungusha hadi Longstone, mnara wa taa mwekundu wenye mkanda mweupe uliojengwa mwaka 1826. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1838 meli ya mvuke iitwayo Forfarshire, iliyokuwa ikitoka Hull kwenda Dundee, iliharibika mitambo, ikasukumwa na dhoruba hadi kwenye mwamba wa Big Harcar na kuvunjika vipande viwili. Binti wa mtunza taa, Grace Darling, aliyekuwa na umri wa miaka 22, aliona kupitia dirisha lake kwamba kuna watu juu ya mwamba. Yeye na baba yake William walitoka na mashua ya makasia, wakazunguka upande uliokingwa na upepo, mwendo wa zaidi ya kilomita moja na nusu, na baba aliporuka mwambani Grace alibaki peke yake akiizuia mashua isigongwe. Walichukua watu watano, kisha baba na baadhi ya waliookolewa wakarudi kuwachukua wanne waliobaki. Miongoni mwa wale watano wa kwanza kulikuwa na mama aliyekuwa bado amewakumbatia watoto wake wawili waliokufa kwa baridi usiku ule. Zaidi ya watu 40 walipotea. Mimi nimekulia kwenye bahari inayochukua watu, na nimesikia hadithi nyingi za namna hii, lakini sijawahi kuisikia nikiwa ninautazama mwamba wenyewe na maji yanavyoupasukia hata siku ya utulivu.

Alhamisi

Ngome ya Bamburgh inaonekana kutoka mbali kila upande, imekaa juu ya kilima cha Whin Sill kando ya ufuko mpana wa mchanga. Hapa palikuwa makao ya wafalme wa Northumbria, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Uingereza. Ida aliishika sehemu hii mwaka 547, na jina la mahali limetokana na Bebba, mke wa Mfalme Æthelfrith. Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, waliiharibu mwaka 993, Wanormani waliotoka Ufaransa wakaijenga upya kwa mawe, na mwaka 1464 ikawa ngome ya kwanza Uingereza kuangushwa kwa mizinga.

Ninakiri kwamba ndani haikunigusa sana. Mwaka 1894 ilinunuliwa na Lord Armstrong, mvumbuzi na mtengenezaji wa silaha wa Newcastle, ambaye aliitengeneza kwa gharama kubwa, akafa mwaka 1900 kabla ya kazi kumalizika, na vyumba vilivyobaki vina dari za kifahari za zama zake kuliko chochote cha zama za Bebba. Ipo kejeli kwamba ngome iliyoangushwa na mizinga ilifufuliwa kwa faida ya mizinga.

Kijijini, chini ya ngome, mambo ni tofauti. Kuna jumba dogo la makumbusho la Grace Darling, na ndani yake ipo ile mashua, urefu wake mita sita na kitu. Niliizunguka mara tatu. Picha za wakati ule zinaonyesha mawimbi makubwa kama majumba na msichana aliyetengenezwa nywele, lakini mbao za mashua hazisemi hivyo. Zinasema uzito, unyevu na makasia marefu. Baada ya tukio lile wachoraji walipanga foleni mnarani, watu wakamwandikia wakiomba kipande cha nywele zake, na miaka minne baadaye kifua kikuu kikamuua akiwa na miaka 26. Kaburi lake liko ng'ambo ya barabara, katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Aidan, na ukumbusho wake umejengwa mahali ambapo mabaharia wanaweza kuuona.

Kanisa hilo lenyewe limesimama mahali alipofia Aidan mwaka 651, akiwa ameegemea nguzo ya nje. Chini yake, katika chumba cha kuhifadhia mifupa, mwaka 2016 yalizikwa upya mabaki ya watu 110 wa zama za wafalme wale, waliokuwa wamefukuliwa kwenye mchanga wa ufukweni. Uchunguzi wa meno yao umeonyesha kwamba wengi hawakukulia hapo: walitoka Ireland, Skandinavia, na wengine maeneo ya Mediterania. Bamburgh ya karne ya saba ilikuwa na wageni wengi kuliko Bamburgh tuliyoiona sisi, ambako mimi na mpwa wangu tulikuwa wageni wa kutoka mbali wa kutosha kwa mgahawa mzima.

Ijumaa

Lindisfarne, au Kisiwa Kitakatifu kama wenyeji wanavyokiita, huwa kisiwa mara mbili kwa siku. Barabara iliyofunguliwa mwaka 1954 inapita juu ya mchanga, na maji yanapojaa inafunikwa kabisa. Ratiba ya saa salama imebandikwa kila mahali, na kando ya barabara kuna kijumba cha mbao kilichoinuliwa juu ya miguu, ambamo mtu aliyezingirwa na maji hupanda kusubiri kuokolewa. Kila mwaka kuna wanaohitaji kufanya hivyo. Mwezi ulikuwa unakaribia kuandama na bamvua ilikuwa imeanza, kwa hiyo nilimwambia kijana tuvuke mapema na tukubali kukaa huko hadi jioni. “Ratiba inasema tunayo saa moja zaidi, mjomba.” Nikamwambia ratiba ni ya karatasi. Pembeni, mstari wa miti iliyosimikwa kwenye mchanga unaonyesha njia ya zamani ya mahujaji, na tuliwaona watu wakiipita pekupeku, viatu mkononi.

Aidan aliletwa hapa kutoka kisiwa cha Iona, Uskoti, mwaka 635 kwa ombi la Mfalme Oswald, aliyetaka watu wake wahubiriwe dini ya Kikristo. Aidan hakuijua lugha ya wenyeji, na Bede, mwanahistoria aliyeandika karne iliyofuata, anasema kwamba mfalme mwenyewe, aliyekuwa amejifunza lugha ya Aidan uhamishoni, alisimama mbele ya wakuu wake akiwafasiria mahubiri. Hapa pia, mwanzoni mwa karne ya nane, Eadfrith aliandika na kuzipamba Injili ambazo sasa ziko Maktaba ya Uingereza, London. Kisiwani utaona nakala tu. Mwaka 793 Waviking walishuka na kuwaua watawa, habari iliyotetemesha Ulaya, na mwaka 875 watawa waliobaki wakaondoka na jeneza la Cuthbert mabegani.

Magofu ya monasteri yanayoonekana leo ni ya karne ya 12, mawe mekundu yaliyoliwa na upepo mpaka yakawa na vishimo kama asali ya masega, na juu kabisa limebaki tao moja jembamba linalovuka hewani bila paa la kulibeba. Mfalme Henry wa Nane alipofunga monasteri nchini kote katika miaka ya 1530, mawe ya hapa yalichukuliwa kujenga ngome ndogo juu ya kilima cha Whin Sill upande wa pili wa bandari. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngome hiyo ilinunuliwa na mchapishaji wa magazeti Edward Hudson, na msanifu Edwin Lutyens akaigeuza nyumba ya mapumziko. Chini yake mashua za zamani za heringi zimekatwa na kupinduliwa, zikawa mabanda ya kuwekea nyavu. Mpwa wangu alizipiga picha zaidi ya alivyoipiga ngome, nami sikumlaumu.

Mchana maji yalipofunika barabara, mabasi ya watalii yakiwa yameshaondoka, kisiwa kilibadilika. Wakazi wake ni watu kama 150, na kwa saa chache walikuwa pamoja na wageni wachache tu. Kwenye vichanga vya mbali sili wa kijivu walikuwa wakiimba, sauti ambayo kwa mbali inafanana mno na kilio cha watu, na nilielewa kwa nini mabaharia wa zamani waliiogopa. Tulisali Dhuhuri na Alasiri kwa kukusanya, nyuma ya ukuta uliotukinga na upepo, na mzee aliyekuwa akipita na mbwa wake alimvuta mbwa upande wa pili wa njia ili asitusumbue, akainua kofia, akaendelea. Maji yalipokupwa jioni tuliondoka.

Jumamosi

Tulirudisha gari Newcastle na kushuka Durham kwa treni, kwa sababu nilitaka kujua jeneza liliishia wapi. Watawa walihangaika nalo kwa miaka, likakaa Chester-le-Street kuanzia mwaka 883, na mwaka 995 likafikishwa Durham, juu ya kilima kilichozungukwa na mto Wear karibu pande zote. Kanisa kuu lilianza kujengwa mwaka 1093, na nguzo zake ni nene kiasi kwamba mimi na mpwa wangu tulipojaribu kuikumbatia moja mikono yetu haikukaribia kukutana. Kaburi la Cuthbert lilikuwa limepambwa kwa vito mpaka watu wa Henry wa Nane walipoyapora mapambo, na sasa ni bamba la jiwe lenye jina lake tu. Upande wa pili wa kanisa amezikwa Bede, ambaye bila maandishi yake tusingejua lolote la maana kuhusu Oswald akifasiri au mienge ya Farne. Mifupa yake ililetwa hapa kutoka Jarrow mwaka 1022, kwa wizi, na mtawa aliyetaka Durham ipate watakatifu wengi zaidi.

Kijana alipendekeza turudi Newcastle ili kesho yake twende Ukuta wa Hadrian, ambao Warumi waliujenga kuanzia mwaka 122 na sehemu yake ya katikati imepita juu ya magenge ya Whin Sill hiyo hiyo, kilomita nyingi bara. Tiketi yangu ya London ilikuwa ya saa kumi alasiri na haikuwa ya kubadilishwa. Nilimwachia koti, pamoja na nusu ya kipper waliofungwa kwenye karatasi. Waliobaki niliwaweka chini ya kiti, na kabla hatujafika York abiria wa mbele yangu alikuwa ameshaanza kuangalia huku na huku akitafuta harufu inatoka wapi.